Siku Ishirini na Nne za Mafunzo

"Uongozi wa kiwanda unawatangazia wafanyakazi wote kwamba kipande cha sabuni kilichomo katika choo cha wafanyakazi ni cha kunawia mikono tu. Hairuhusiwi kukifulia nguo binafsi, kukikata vipande, wala kukihamisha. Atakayekaidi atachukuliwa hatua za kinidhamu."

Tangazo hili lilibandikwa Jumanne, saa mbili asubuhi, katika kiwanda cha kufua kilichotumia magunia tisa ya sabuni kila siku. Aliyeliandika, karani wa utawala ambaye wote walimwita Mama Daftari, hakuona lolote la ajabu ndani yake. Katika miaka kumi na tisa ya utumishi alikuwa ameandika matangazo kuhusu misumari, vikombe, kiti chenye mguu mmoja mfupi na namna sahihi ya kufunga mlango, na alikwisha kufika mahali ambapo maneno yalitoka vidoleni bila kupitia kichwani. Aliibandika karatasi, akairudia pembe moja iliyokuwa ikiinuka, akaenda kuketi mezani pake kama mtu anayeutua mzigo ambao kesho atajitwisha tena.

Saa tatu na robo msimamizi wa zamu alipanda ngazi akiwa amemshika bega mwanamke mmoja ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa umeviringishwa taulo lililolowa. Alikuwa ni wifi yake Mama Daftari, dada wa mume wake, mpiga pasi katika mashine kubwa ya rola. Mama Daftari ndiye aliyemtafutia kazi hiyo miaka minne nyuma, na tangu siku ile wifi hakuchoka kumkumbusha kwamba ule haukuwa wema bali kisasi.

Maelezo ya msimamizi yalikuwa mafupi. Mbele ya mdomo wa rola palikuwa na fito la chuma ambalo likiguswa na mkono husimamisha mashine. Fito hilo lilikuwa limezoea kuisimamisha hata kwa kunyanzi la shuka, kazi ikawa inalala, na kwa hiyo zamu ilikuwa imelifunga kwa ukanda wa nguo ili litulie. Asubuhi hiyo shuka lilikunjika, wifi akanyoosha mkono kulinyoosha, na fito likatulia kama lilivyofundishwa. Msimamizi hakusema ni nani aliyeuchana ule ukanda. Ulikuwa umechanwa vizuri, bila nyuzi kuning'inia, na msimamizi alisifika kwa kazi safi.

Wifi alikuwa amekauka midomo, lakini ulimi wake ulikuwa mzima.

"Wifi yangu," alisema, "ulinitafutia kazi ya kupiga pasi. Hukuniambia na mimi nina zamu yangu ya kupigwa."

Mama Daftari alimwagizia maji ya baridi, dawa ya kupaka na bendeji. Kisha, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa desturi, alivuta daftari la mahudhurio, akatafuta jina la wifi yake, na mbele ya tarehe ya siku hiyo akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa duara: Mafunzo.

Desturi hiyo aliianzisha mwenyewe, miaka tisa iliyopita, na ndiyo kazi pekee maishani mwake iliyowahi kumletea barua ya pongezi. Mwaka huo kiwanda kilikuwa kimepeleka madai mengi kwenye shirika la bima: mgongo uliotenguka, vidole viwili, mguu uliomwagikiwa maji ya boila. Ada ya bima ilipopanda hadi meneja akapoteza hamu ya kula, shirika lilimtuma wakala wake aje aeleze. Wakala alieleza kwa upole. Kila kiwanda, alisema, hulinganishwa na wenzake wa kazi ileile na ukubwa uleule, na hupewa namba iitwayo kizidishi. Namba hiyo ikiwa moja, unalipa kama wenzako. Ikishuka chini ya moja, unalipa pungufu. Ikipanda, utalipa zaidi, tena kwa miaka mitatu, maana dai moja hukaa kwenye hesabu miaka mitatu kabla halijafutika. Shirika halitishwi sana na ajali moja kubwa, ambayo huenda ikawa ni bahati mbaya. Linatishwa na ajali ndogondogo nyingi, kwa sababu hizo ni tabia. Na tena, dai la matibabu peke yake huhesabiwa kwa sehemu ndogo tu, bali dai ambalo ndani yake mfanyakazi amekosa kuwepo kazini huhesabiwa lote.

Wakala alikusudia watu watoke pale wakaiwekee mashine fito lake na kutibu majeraha mapema. Mama Daftari alitoka na jambo jingine. Alielewa kwamba kinachouma kwenye hesabu si kidonda bali ni siku. Wiki iliyofuata alisafisha stoo ya juu, nyuma ya marundo ya mataulo yaliyochakaa, akaweka meza, viti vinne na kijitabu kimoja cha kurasa thelathini na mbili kuhusu usalama kazini. Tangu hapo, aliyeumia hakukaa nyumbani. Alikuja asubuhi, akaketi stoo, akaandikwa yuko mafunzoni, jioni akarudi kwake na mshahara wake kamili. Mwenye kutenguka mgongo alifundishwa siku kumi na moja. Aliyeungua mguu alifundishwa mwezi mzima, akarefushiwa kozi. Na kwa kuwa mafunzo bila mtihani yangetia shaka, Mama Daftari alitunga mtihani wa maswali ishirini, akawa anaujaza mwenyewe kwa niaba ya kila mwanafunzi. Hakuwahi kumpa mtu zaidi ya alama tisini, ili isionekane kama kuna upendeleo. Kizidishi kikashuka mwaka hadi mwaka, mpaka kikafika sifuri nukta themanini na mbili, na wafanyakazi sitini na mmoja wakawa wamehitimu.

Wifi akawa wa sitini na mbili. Siku za mwanzo aliichukulia stoo kama mapumziko. Alimpigia Mama Daftari kelele ngazini kwamba amemaliza sura ya kwanza na anaomba sare ya shule. Alisema amewahi kuachwa na mume, amewahi kuachwa na gari, lakini kuachwa na mashuka ndiyo mara ya kwanza. Siku ya tano Mama Daftari alimjazia mtihani, akampa themanini na nane, na wifi alipoonyeshwa karatasi alilalamika kwamba katika ukoo wao hakuna aliyewahi kushuka chini ya tisini.

Wiki ya pili utani ulipungua. Ngozi ya kiganja ilikuwa imeziba juu, lakini chini yake vidole vitatu vilianza kujikunja, kidogo kila siku. Wifi alivinyoosha kwa mkono wa kushoto na vilirudi vyenyewe. Tabibu wa zahanati alivibonyeza, akauliza mbona wamechelewa hivi, akaandika kwamba mgonjwa apelekwe hospitali kubwa akafanyiwe upasuaji wa kano na kupandikiziwa ngozi, mapema, kabla vidole havijakaza moja kwa moja. Gharama aliyoitaja ilikuwa ya kumtoa mtu jasho. Bima ingeilipa yote, alisema, ilimradi mwajiri apeleke taarifa ya ajali ndani ya siku thelathini.

Siku hiyo ilikuwa ya kumi na saba. Mama Daftari alijua bila kuhesabu, kwa sababu kuhesabu siku ndiyo kazi aliyokuwa akilipwa.

Meneja alimsikiliza hadi mwisho, jambo ambalo kwake lilikuwa dalili mbaya. Alikuwa mtu wa kusema kwa asilimia, na alipokosa asilimia ya kusema alionekana mzee. Alimweleza alichokwisha kukijua. Zabuni ya kufua mashuka ya hospitali kubwa ilikuwa nusu ya kazi yote ya kiwanda, na mwaka huu hospitali ilikuwa imeweka sharti kwamba haitapokea mfuaji ambaye kizidishi chake kimezidi sifuri nukta tisa. Shirika lingetoa namba mpya siku ya thelathini na mbili tangu ajali. Dai likiingia kabla ya hapo, na dai lenyewe sasa ni la upasuaji na siku nyingi, namba ingeruka juu ya moja na watu arobaini wangeenda nyumbani. Dai likiingia baada ya hapo, lingekuwa limechelewa siku mbili, na bima isingelipa.

"Sikukatazi, mama," alisema meneja. "Nakuomba usubiri wiki mbili tu. Halafu tutamchangia."

"Tutamchangia shilingi ngapi?"

Meneja aliangalia dirishani. Nje, mashuka ya hospitali hiyohiyo yalikuwa yakipakiwa garini, yamekunjwa pembe kwa pembe.

Mama Daftari alimpigia simu wakala wa bima, akamuuliza kwa mafumbo, kama watu wanavyomwuliza daktari habari za rafiki yao. Wakala, ambaye sasa alikuwa na mvi na sauti ya mtu asiyetarajia kushangazwa, alimjibu bila mafumbo. Dai hilo lingepelekwa siku ya kwanza, mkono ukaoshwa na kupandikizwa mapema, na mfanyakazi akapewa kazi nyepesi ya kweli, lingehesabiwa kwa sehemu ndogo na namba isingetikisika. Jeraha linalofichwa, alisema, ndilo ghali kuliko yote. Alisema alidhani aliwaeleza hayo miaka tisa iliyopita. Mama Daftari alimshukuru, akaweka simu chini, akaitazama barua yake ya pongezi, ambayo ilikuwa ukutani kwenye fremu iliyoanza kuliwa na mdudu.

Chini kwenye mashine habari zilikwisha kuenea. Hakuna aliyemsema vibaya wifi. Walifanya lililo baya zaidi, walimhurumia kwa ratiba. Mkunjaji mmoja wa mashuka, mwenye watoto watano, alipanda stoo na machungwa, akamwambia wote wanamsalimu, wote wanamwombea, na wote wanamsihi ajikaze mpaka namba itoke. Wifi alimuuliza kama machungwa hayo anataka ayamenye kwa mguu. Yule mama aliketi, akamenya yote, akayapanga kwenye sahani, akatoka akifuta macho. Wifi hakuyagusa. Alimwambia Mama Daftari baadaye kwamba angependa sana kumchukia mtu, ila kila anayemtafuta anamkuta ana watoto.

Nyumbani, mume wa Mama Daftari, fundi cherehani asiyependa maneno, alimaliza chakula chake, akaosha mikono, akasema sentensi moja tu kwa juma zima.

"Huyo ni dada yangu, na kalamu unayo wewe."

Siku ya ishirini na nane ilikuwa Jumatatu. Mama Daftari alifika kabla ya wote, akatoa fomu ya taarifa ya ajali, ambayo ilikuwa imekaa kabatini hata karatasi ikabadilika rangi, akaijaza. Alikuwa na kibali cha kutia saini nyaraka za kawaida kwa niaba ya uongozi, na alikata shauri kwamba kuungua mkono katika kiwanda hicho lilikuwa jambo la kawaida. Alijaza kila kisanduku. Na mwisho wa fomu, pale palipoandikwa kwamba mwajiri aambatishe nakala ya mahudhurio na kumbukumbu nyingine zozote zinazomhusu mfanyakazi tangu siku ya ajali, aliambatisha. Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kupeleka jalada lenye upungufu, na uchovu aliokuwa nao haukumwacha na akili nyingine zaidi ya ile ya mazoea. Alitoa nakala ya daftari, siku ishirini na nne za kazi, zote zimeandikwa Mafunzo. Alitoa nakala ya mtihani. Akazibana pamoja, akazinyoosha pembe, akazipeleka mwenyewe hadi kaunta ya shirika, akagongewa mhuri wa kupokelewa.

Aliporudi alimwambia meneja. Meneja hakufoka. Alimwomba amfungie mlango wakati akitoka.

Mkaguzi wa shirika alikuja baada ya siku nne, mtu mwembamba mwenye mkoba mzito, na akaomba kuonana na mgonjwa mbele ya karani. Waliketi stoo, kwenye meza ya mafunzo, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na viti. Mkaguzi aliutazama mkono wa wifi kwa adabu, bila kuugusa. Kisha alitandaza karatasi.

Alisema ana tatizo dogo. Dai linasema mfanyakazi hakuweza kufanya kazi tangu Jumanne ile. Daftari linasema alikuwepo kila siku. Hilo peke yake linaelezeka. Lakini hapa pana mtihani wa maandishi, wa siku ya tano, maswali ishirini, alama themanini na nane, na mwandiko wenyewe, aliutazama tena kama mtu anayetazama kitambaa dukani, ni mzuri kuliko wa kwake. Mkono ulioungua kiasi cha kuhitaji upasuaji, angependa kujua uliandikaje hivi.

Mama Daftari aliivuta karatasi hiyo karibu. Alikuwa ameitazama karatasi hiyo alipoitoa nakala, akahakikisha imetoka bila doa, na hakuwa ameiona.

Wifi ndiye aliyewahi kujibu. Aliinua kidevu, akamtazama mkaguzi usoni, akasema kwa utulivu:

"Niliandika kwa mkono wa kushoto. Sisi kwetu wote tunaandika kwa kushoto."

Mkaguzi aliandika. Uliza jambo jingine lolote, wifi alisema, yeye kijitabu hicho anakijua chote. Ukurasa wa kumi na tisa unakataza kabisa kuingiza mkono kwenye rola, na yeye aliuelewa vizuri siku mbili baada ya kuingiza wake.

Mama Daftari alielewa kilichofanyika. Wifi yake, ambaye kwa miaka minne hakuacha kumchokonoa, alikuwa amemkinga kwa mkono uliobaki, na kwa kufanya hivyo alikuwa anauuza ule mwingine. Jibu hilo likisimama, mwanamke aliyeandika vizuri namna ile siku ya tano alikuwa mzima wa kutosha, na hapakuwa na dai.

"Mtihani niliandika mimi," alisema Mama Daftari.

"Wifi, nyamaza," alimkatiza wifi yake.

"Niliandika mimi. Na hayo si mafunzo. Hapa hakuna mafunzo. Anayeumia analetwa hapa akae, mimi naandika. Tangu miaka tisa."

Mkaguzi aliweka kalamu chini. Hakuonekana kukasirika, alionekana kama mtu aliyekuwa amebakiza jengo moja tu kabla ya kwenda nyumbani, na sasa ameambiwa jengo hilo lina ghorofa. Alieleza polepole, ili baadaye mtu asije akasema hakuelezwa. Akiliandika neno hilo, halitabaki kwenye mkono mmoja. Itabidi mafunzo yote yafunguliwe, watu wote waulizwe, vizidishi vya miaka yote hiyo vikokotolewe upya. Kiwanda kitakosa namba ya kupeleka kwenye zabuni. Yeye karani atakuwa amekiri kughushi. Asipoliandika, ataandika tu kwamba maelezo ya mgonjwa yamepokelewa, na kila mtu ataendelea na shughuli zake.

"Na mkono?" aliuliza Mama Daftari.

"Mkono hauhitaji mimi niandike ndipo uwe mbovu, mama. Ila bila maandishi haulipiwi."

"Basi andika."

Aliandika kurasa sita. Mama Daftari alizisoma zote, akasahihisha makosa mawili ya tarehe, akatia saini. Wakati wa kushuka ngazi wifi alimwambia kwamba ni mjinga, kwamba amewafungia watu arobaini riziki kwa sababu ya vidole vitatu, kwamba hata kaka yake alipomleta nyumbani mara ya kwanza alimwona hana akili. Alimwambia yote hayo akiwa amemshika mkono, kwa sababu ngazi ilikuwa na giza.

Wiki tano walisubiri. Hospitali iliahirisha zabuni, ikaendelea kuwaletea mashuka kwa mkataba wa juma hadi juma. Mkunjaji mwenye watoto watano aliacha kumsalimu Mama Daftari, kisha akaanza tena, kwa kuchoka. Fito la rola lilifunguliwa siku mkaguzi alipokuja, likafungwa siku alipoondoka. Wafanyakazi sitini na mmoja waliitwa mmoja mmoja kuulizwa walichojifunza. Wengi, wakihofia kazi zao, walijibu kwamba walijifunza mengi. Vidole vya wifi vilifika kiganjani vikatulia hapo, na akawa anafunga vifungo vya nguo kwa meno na kushoto.

Barua ilifika Ijumaa. Meneja aliwaita wote wawili, akampa Mama Daftari aisome kwa sauti, maana yeye miwani, alisema, ilikuwa imemchosha macho. Mama Daftari aliisoma wima, kwa sauti ileile ya kusomea matangazo, na wifi alisimama kando yake akiwa ameuficha mkono ndani ya mtandio.

"Baada ya kupitia vielelezo vyote, Kamati imeamua kama ifuatavyo. Kwamba ajali inatambuliwa kuwa ilitokea. Kwamba siku ishirini na nne zinazodaiwa haziwezi kutambuliwa wala kukataliwa, kwa kuwa daftari linaonyesha palikuwa na mafunzo, maelezo ya karani yanaonyesha hapakuwa na mafunzo, na maelezo ya wahitimu yanaonyesha mafunzo yalikuwa mazuri. Kwamba kizidishi cha kiwanda kibaki sifuri nukta themanini na mbili kwa muda, na kisitumike kwa shughuli yoyote. Kwamba gharama za upasuaji zitafikiriwa mara tu Kamati itakapopokea daftari lililorekebishwa, likiwa na saini ya karani aliyeliandika. Na kwamba karani huyo, kutokana na aliyoyakiri, amezuiwa kuanzia leo kutia saini waraka wowote wa kiwanda, hadi hapo daftari lililorekebishwa litakapopokelewa."